Wanaotaka mimbari inyamaze kuhusu bomu

Kila viongozi wa dini wanapodai silaha za nyuklia zipigwe marufuku, majibu huwa ni yale yale. Wengine wanaoyatoa ni watu wenye busara zao, kwa hiyo nitayajibu moja moja.

"Dini ikae mbali na mambo ya jeshi." Wamechelewa. Agosti 1945, katika kisiwa cha Tinian zilikoruka ndege za kwenda Hiroshima na Nagasaki, makasisi wa jeshi walikuwepo. Mmoja, Mlutheri, aliwaombea dua wanajeshi wa anga kabla ya safari ya Hiroshima. Mwingine, padre Mkatoliki George Zabelka, aliwahudumia askari wa kambi hiyo, na miaka mingi baadaye akatubu hadharani kwa kunyamaza kwake. Sijasikia kwamba kuna aliyewakemea kwa kuingilia yasiyowahusu. Inaonekana dua ya kulibariki bomu haimsumbui mtu. Inayosumbua ni ya kulikataa.

"Basi wasali na kusamehe, mengine ni mapenzi ya Mungu." Hili ni gumu zaidi, maana limewahi kusemwa na aliyeumia. Wakristo wa Urakami, kitongoji cha Nagasaki, waliificha imani yao kwa zaidi ya karne mbili wakati Ukristo ulipokuwa haramu Japani. Uhuru wa dini ulipopatikana, wakajenga kanisa kuu mahali pale pale ambapo mababu zao walilazimishwa kukanyaga picha takatifu ili waonekane wameikana dini. Saa 5:02 asubuhi ya Agosti 9, 1945, bomu likalipuka juu ya bonde lao. Kati ya Wakatoliki wapatao 12,000 wa Urakami, takriban 8,500 walikufa.

Novemba mwaka huo, penye magofu ya kanisa, daktari Takashi Nagai, aliyempoteza mkewe, aliwaambia wafiwa kwamba marehemu wao walikuwa sadaka ya kuteketezwa, Mungu akaipokea na vita vikaisha. Simlaumu. Alikuwa mfiwa akiwafariji wafiwa. Lakini faraja ile iliwafunga wengi midomo, kwa kuwa bomu likishakuwa jambo la Mungu, nani tena atamhoji aliyelidondosha? Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Hiroshima akatamka waziwazi kwamba vita ni kazi ya binadamu. Baadhi ya manusura Wakatoliki walianza kusimulia yaliyowapata baada ya hapo.

"Silaha hizo ndizo zilizotulindia amani." Kanisa lenyewe liliwahi kuipa hoja hii nafasi. Mwaka 1982 Papa huyo huyo aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba kuzuiana kwa vitisho kungeweza kukubalika kimaadili, kwa sharti kwamba iwe hatua ya kuelekea kuziondoa silaha zenyewe. Watetezi wa bomu wanaikumbuka ruhusa, sharti wamelisahau. Leo nchi tisa zina vichwa vya nyuklia takriban 12,000, na kazi ya kuviboresha inaendelea. Papa Fransisko alipolaani hata kuzimiliki, mwaka 2017 na tena mwaka 2019 akiwa Japani, sharti lilikuwa limesubiriwa vya kutosha.

Na hiyo amani yenyewe? Septemba 1983 mitambo ya Kisovieti ilionyesha makombora ya Marekani yakija. Ofisa wa zamu, Luteni Kanali Stanislav Petrov, akaamua kwamba mitambo imekosea, na kweli ilikuwa imekosea. Usalama unaosimama juu ya mtu mmoja kutoiamini mashine yake, mimi nauita bahati.

"Ni kelele za Wakristo." La. Josei Toda wa Soka Gakkai, jumuiya ya Wabudha, aliwaachia vijana wake wajibu wa kuzipinga silaha hizi tangu Septemba 1957. Jumuiya hiyo ni mshirika wa ICAN, kampeni ya kuzipinga silaha za nyuklia iliyotunukiwa Nobel ya Amani mwaka 2017. Na sisi wasema Kiswahili tusijione watazamaji, kwani sehemu kubwa ya urani ya mradi ulioyazaa mabomu yale ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo.

"Mkataba wa kuzipiga marufuku silaha za nyuklia ni karatasi tu." Hapa wana nusu ya ukweli. Nchi 122 ziliupigia kura ya ndiyo Julai 2017, Vatikani ikauridhia siku ile ile ulipofunguliwa kutiwa saini, ukaanza kutumika Januari 22, 2021. Kati ya zile nchi tisa zenye silaha hizo, hata moja haimo. Imo Afrika Kusini, iliyowahi kuunda mabomu sita ikayavunja yenyewe.

"Ni rahisi kusema kama huna cha kupoteza." Januari 2022 Askofu Mkuu John Wester wa Santa Fe, Marekani, alitoa waraka wa kichungaji akitaka silaha za nyuklia ziondolewe duniani. Maabara ya Los Alamos, lilikobuniwa bomu la kwanza na ambako kazi hiyo haijakoma, imo ndani ya jimbo lake. Wapo waumini wake wanaolipwa mshahara na maabara ile, na waraka uliandikwa kwao pia.