Mwizi wa Gemu Haombi Msimbo

Msimbo chanzo ni maandishi anayoyaandika mtengenezaji wa gemu kabla kompyuta haijayageuza kuwa programu ya kuchezeka. Mnunuzi hupata programu. Maandishi hubaki kwa mwenyewe. Mtengenezaji wa kujitegemea, anayefanya kazi peke yake au na wenzake wawili watatu, huambiwa kila mahali ayafiche maandishi hayo. Katika warsha na vikao vya wawekezaji kauli ni ile ile, na mara nyingi humtoka mtu ambaye hajawahi kutengeneza gemu hata moja: ukiutoa msimbo, kesho gemu yako inauzwa na mwingine. Imani hii imeenea sana, na haina mguu wa kusimamia.

Gemu huibiwa kwa macho. Threes, gemu ya simu ya kusukuma na kuunganisha namba, ilitoka Februari 2014 baada ya Asher Vollmer na Greg Wohlwend kuihangaikia kwa zaidi ya mwaka mzima. Msimbo wake haukuwekwa hadharani. Wiki chache baadaye maduka ya simu yalikuwa yameanza kupokea nakala, na mwezi Machi kijana wa Kiitalia mwenye umri wa miaka 19, Gabriele Cirulli, akatoa 2048, aliyoitengeneza kwa Jumamosi na Jumapili huku akifuata gemu ambazo zenyewe zilikuwa za kuiga. Aliitoa bure, tena na msimbo wake. Mamilioni ya watu waliicheza, na wengi wao hawakuwahi kusikia kwamba kuna Threes. Majira hayo hayo Dong Nguyen wa Vietnam aliiondoa gemu yake Flappy Bird madukani, na waigaji wakamwagika kama siafu. Nao hawakumwomba msimbo. Ndege, mabomba na kidole kimoja cha kugusa kioo: kila kitu kilikuwa wazi mbele ya aliyekuwa na simu.

Watetezi wa kuficha wana mfano mmoja wanaoupenda mno, wa Lugaru, gemu ya sungura mpiganaji iliyotengenezwa na Wolfire Games. Mei 2010 iliuzwa pamoja na nyingine katika Humble Indie Bundle, ambapo mnunuzi alijipangia bei. Mauzo yalipovuka dola milioni 1, msimbo wa Lugaru ulitolewa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadili. Mwanzoni mwa 2011 kampuni nyingine ikaiweka Lugaru katika duka la Apple la kompyuta za Mac kwa dola 1.99, wakati Wolfire wakiuza yao kwa dola 9.99. Hapo msimulizi hunyamaza na kutikisa kichwa. Asichokisema ni kwamba leseni ile ilihusu msimbo tu. Picha, sauti na wahusika vilibaki mali ya Wolfire, Wolfire wakalalamika, na Apple wakaiondoa bidhaa hiyo. Isitoshe, vitu hivyo vilivyouzwa bila ruhusa vimo ndani ya kila nakala halali inayonunuliwa, msimbo uwe umetolewa au umefungiwa.

Tofauti kati ya msimbo na mali nyingine za gemu ndiyo wasiyotaka kuisikia. John Carmack na wenzake wa id Software waliitoa Doom, gemu ya kupiga risasi, Desemba 1993, na Desemba 1997 wakauweka msimbo wake hadharani. Ramani, majini na muziki havikuwamo. Aliyetaka kucheza gemu yenyewe alitakiwa bado kuinunua. Wapenzi wa Doom waliuchukua msimbo, wakaurekebisha, wakauhamishia kwenye kila aina ya mashine. Mwaka 1998 kundi la TeamTNT lilitoa Boom, toleo lililoongeza uwezo ambao Doom ya asili haikuwa nao. Agosti 2024 wenye mali walipotoa upya Doom na Doom II kwa mashine za kisasa, waliingiza humo uwezo wa kuendesha kazi zilizotengenezwa kwa Boom. Anayetafuta aliyeibiwa katika kisa hiki atafute sana.

Kuna pia wasemao wanaona haya: msimbo wao ni mchafu, watachekwa. Mtengenezaji Terry Cavanagh alitoa msimbo wa gemu yake VVVVVV Januari 2020, ilipotimiza miaka 10. Watu walikuta amri moja ndefu ya kuchagua (switch) yenye mamia ya hali, na kweli walicheka. Kisha waliocheka wakaanza kurekebisha hitilafu, na Januari 2024 likatoka toleo lenye tafsiri za lugha nyingi. Aibu ya namna hiyo wangeiomba wengi. Leseni ya Cavanagh, kwa faida ya wenye hofu, inakataza matumizi ya kibiashara.

Ajabu ni kwamba anayemwogopa mwizi wa msimbo humfungulia mlango yeyote mwenye ofisi. Hulipa duka hadi asilimia 30 ya mauzo bila kunung'unika. Hujenga gemu yake juu ya injini (programu ya kujengea gemu) ya kampuni asiyoweza kuichungulia ndani, halafu anapigwa na butwaa, kama walivyopigwa watumiaji wa injini ya Unity Septemba 2023 kampuni hiyo ilipotangaza kuwatoza kwa kila usakinishaji. Ilichukua mwaka mzima kuifuta ada hiyo. Godot, injini ambayo msimbo wake uko wazi tangu 2014, haina wa kuamka asubuhi na kutangaza tozo.

Msimbo unaofichwa, zaidi ya hayo, hupotea. Konami ni kampuni kubwa ya gemu, na bado Silent Hill HD Collection ya 2012, gemu zake za zamani zilizotolewa upya, ilitengenezwa kutokana na msimbo ambao haukuwa umekamilika, kwa kuwa ule wa mwisho haukuhifadhiwa. Mtengenezaji wa chumbani mwenye kompyuta moja anajidanganya akidhani atafanya vizuri zaidi. Na gemu zenyewe hupotea pia: mwaka 2023 Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya gemu, ilieleza kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni.

Mwenye gemu ambayo mauzo yake yamepoa aweke msimbo hadharani mwaka huu, achague leseni kwa makini, na picha na muziki abaki navyo.