Msingi upimwe kabla ya kufukiwa



Nina dukuduku juu ya jambo linalotusumbua sisi wananchi wa huku Tandahimba, nalo ni misingi ya majengo ya umma.

Kijijini kwetu tulijenga nyumba ya mganga wa zahanati kwa michango yetu wenyewe. Kila kaya ilitoa fedha baada ya mauzo ya korosho, akina mama wakasomba maji, vijana wakachimba msingi. Ulichimbwa kiangazi, kina chake hakikufika magotini, na siku ya pili yake ukawa umekwisha kufukiwa. Mvua za kwanza tu, ukuta wa upande yanakomwagika maji ya bati ulipasuka kutoka dirishani hadi chini. Leo ufa huo unapitisha kiganja cha mkono. Sasa tunaombwa tuchange tena, safari hii kwa ajili ya wodi ya wazazi, na watu wamegoma. Siwalaumu.

Mkutanoni mwenzetu mmoja aliyepata kufanya kazi Dar es Salaam alishauri tupigilie nguzo ardhini kama wafanyavyo wenye maghorofa. Wengine walicheka. Mimi nasema alikosea dawa, lakini ugonjwa aliujua.

Nguzo za kupigilia, ziwe za zege au za chuma, huwekwa mahali penye udongo dhaifu, kama matope ya pwani na kingo za mito, ili mzigo ushuke hadi kwenye tabaka gumu au ushikwe na udongo ubavuni mwa nguzo. Nyumba yetu ya chini huku uwandani ni nyepesi, haihitaji mtambo huo. Adui yetu ni maji. Mchanga wetu mwekundu ukiwa mkavu husimama kama ukuta na kutudanganya; ukilowa hulegea na kutitia. Tukichimba msingi wa kina cha kutosha, tukashindilia chini yake na kuyaongoza maji ya bati mbali na ukuta, tutakuwa tumemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Lakini lipo jambo la mafundi wa nguzo ambalo inafaa tuliige. Hawaamini macho. Nyundo inapoanguka, yupo mtu anayehesabu mapigo na kuandika nguzo imezama kiasi gani. Ikiwa bado inazama sana kwa mapigo kumi, wanaendelea. Kisha baadhi ya nguzo hubebeshwa mzigo wa majaribio, pengine mara moja na nusu au mara mbili ya ule zitakaoubeba, na kuzama kwake hupimwa kwa milimita. Yote huandikwa.

Kwa nyumba ndogo kipo kifaa cha namna hiyo hiyo, na wahandisi wa barabara wanakifahamu sana: fimbo ya chuma yenye ncha, na nyundo ya kilo 8 inayoangushwa kutoka kimo cha milimita 575. Unahesabu mapigo, unasoma fimbo imezama kiasi gani. Watu wawili watatu wanatosha kukibeba na kukitumia. Ila udongo uloweshwe kwanza, maana kuupima ukiwa mkavu peke yake ni kujidanganya.

Nchi yetu imekwisha kulia vya kutosha. Machi 29, 2013 ghorofa liliporomoka katikati ya Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Novemba 16, 2024 likaporomoka jingine Kariakoo, wakafa zaidi ya 20. Ajali hizo zina sababu zake, nami si mhandisi. Lakini baada ya ile ya Kariakoo tume iliundwa. Nyumba ya mganga ikipasuka kijijini, nani ataunda tume?

Kwa hiyo nawaomba wahusika wilayani wampeleke mhandisi na kifaa hicho kwenye kila kiwanja cha jengo la umma, na fundi yeyote asifukie msingi kabla mhandisi hajauona na kutia sahihi. Matokeo yasomwe mkutanoni, kama yanavyosomwa mapato na matumizi. Siku nitakaposikia hesabu ya mapigo ya wodi ya wazazi ikisomwa mbele yetu, mchango wangu nitautoa hapo hapo.

Mkulima wa Korosho,
Tandahimba, Mtwara.