Kiazi chetu kinaozea wapi?

Wasee, mnakumbuka Januari 2022 vile KFC waliishiwa na chipsi? Kuku walikuwepo, chipsi hakuna. Meli ilikuwa imechelewa, na hapo ndipo wengi walijua viazi vile vilikuwa vikitoka ng'ambo. Twitter iliwaka, watu wakasema tuwasusie, kampuni ikaahidi kutafuta wakulima wa hapa.

Kampuni ilikuwa imesema kila anayewauzia lazima apite ukaguzi wao wa ubora. Watu waliicheka hiyo sababu. Mimi naona ndiyo ilikuwa na maana kuliko kelele zote, kwa sababu inatuuliza swali: mkulima wetu amesaidiwa na nani kufika hapo?

Chukua Shangi, kiazi ambacho pengine umekula wiki hii. Mkulima wa Nyandarua anakipenda kwa sababu kinakomaa kwa miezi mitatu hivi na kinaiva haraka jikoni. Lakini kikishatoka kwa udongo hakikai, kinaanza kuchipua. Kwa hivyo hawezi kusema "ngoja bei ipande." Wote wanavuna pamoja, broka anafika na lori, anataja bei yake, ukikataa anaenda kwa jirani. Miezi michache baadaye viazi vimeadimika na jamaa wa chipsi mtaani anakupimia vichache kwa bei ileile. Si umeona?

Halafu kuna lumbesa. Pita Marikiti asubuhi uone gunia limejazwa hadi likapita mdomo, likashonewa kofia ya kamba juu. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lumbesa inapita hapo mbali sana, na mkulima analipwa gunia moja. (Mgongo wa anayelibeba hata hatuuzungumzii.) Kumaliza hii hakuhitaji mabilioni. Kunahitaji mizani, na afisa asiyefumba macho lori likipita.

Serikali ikisema inalinda viazi, utasikia ushuru kwa vya nje. Sawa, siupingi. Lakini ushuru hauhifadhi kiazi. Mkulima anataka ghala la baridi karibu na shamba, na mbegu safi. Wengi hupanda viazi walivyobakisha msimu uliopita, na ugonjwa wa mnyauko unapandwa navyo. Watafiti wa KALRO pale Tigoni wametoa aina nzuri miaka mingi, ila mbegu iliyothibitishwa haitoshi na bei yake inauma.

Kuna mtu ataniambia hizo ni kazi za kampuni. Kampuni ina njia rahisi: kontena la chipsi zilizogandishwa, tayari kwa mafuta. Na haiwezekani kusema hatuwezi, maana Bomet wako wakulima wanaolima Dutch Robijn kwa ajili ya viwanda vya krispi. Aina sahihi, mnunuzi anayejulikana, basi.

Kilimo ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi uanze 2013. Kwa hivyo wewe wa Nyandarua, Nakuru, Meru au Elgeyo Marakwet uliyepiga kura, mwulize MCA wako ghala la viazi liko wapi. Akikwambia lipo, mwambie mwende pamoja, mfungue mlango, akuonyeshe viazi ndani.