Mshahara wa Mhadhiri Usifuate Lango la Chuo

Askari waliopelekwa kulinda Makerere baada ya Rais Museveni kuamuru chuo kifungwe, tarehe 1 Novemba 2016, huenda walijiuliza: wasomi hawa wanagombania nini? Jibu lilikuwa posho ya motisha. Posho hiyo haikutoka Hazina ya Serikali. Chuo chenyewe kiliahidi kuilipa kwa mapato yake, kisha malimbikizo yakakishinda, na wahadhiri wakagoma. Lango lilifunguliwa tena Januari 2017.

Ndiyo sababu twaona wahadhiri wana haki kutaka mishahara ijadiliwe na Serikali kwa vyuo vyote vya umma pamoja. Askari analifahamu jambo hili kuliko raia wengi: mshahara wa koplo hufuata cheo, haufuati kambi, awe Moroto au Mbarara. Basi kwa nini mhadhiri wa Gulu apimiwe mfuko wa Gulu?

Kweli, meza ya taifa nayo ina kasoro. Katika mwaka wa fedha 2022/23 wahadhiri wa sayansi walitangulizwa kuongezewa, wenzao wa historia na fasihi wakaachwa nyuma. Lakini malalamiko hayo yana mlango mmoja wa kubishwa, nao ni wa mwenye Hazina.