UCHAMBUZI: Injini huongezewa uhai kabla ya kuongezewa nguvu

KILA msimu wa Safari Rally unapowadia, barabara ya kutoka Nairobi kuelekea Naivasha hufurika magari yenye ngurumo za kutisha. Mengi huwa ni Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution yaliyoagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, kisha yakapitia mikononi mwa mafundi ili kuongezewa nguvu. Si jambo geni pia kuyaona baadhi ya magari hayo yakirejea jijini yakiwa yamevutwa, injini zimekufa na wenyewe wameinamisha vichwa.

Wengi hulaumu chapa ya gari. Husemwa kuwa injini za aina fulani ni dhaifu, au kwamba vipuri vya siku hizi ni bandia. Lawama hizo zina ukweli wake, lakini hazigusi kiini cha tatizo. Kiini ni mpangilio wa kazi: nguvu huongezwa kwanza, na mambo yanayoiwezesha injini kuzibeba nguvu hizo huachwa yasubiri pesa zipatikane.

Ni vyema ieleweke kwamba kampuni haiundi injini ikatumika hadi kikomo chake. Pistoni, beringi, pampu ya oili na rejeta huachiwa akiba ya ustahimilivu. Akiba hiyo ndiyo huilinda injini dhidi ya petroli duni, joto kali, uzee na dereva asiyejali. Fundi anapobadilisha programu ya kompyuta ya injini ili turbo isukume hewa zaidi, huwa anaitumia akiba ileile. Mwenye gari hudhani amepata nguvu za bure, kumbe amekopa.

Na ni muhimu kukumbuka gari lenyewe limetoka wapi. Kanuni za Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo umri wake hauzidi miaka minane. Kwa hivyo, sehemu ya akiba hiyo huwa imeshatumiwa na mtu mwingine ughaibuni kabla gari halijafika bandarini Mombasa. Isitoshe, magari mengi yenye turbo yanayopendwa na vijana yaliingia nchini miaka mingi iliyopita na yamepitia mikono ya watu kadhaa.

Adui mkubwa wa injini za aina hii ni kugonga. Mchanganyiko wa hewa na petroli unapobanwa na kupata joto kupita kiasi, sehemu yake hulipuka yenyewe badala ya kuungua kwa utaratibu kuanzia kwenye plagi. Shinikizo hupanda ghafla na kuipiga pistoni mithili ya nyundo. Katika injini za Subaru za lita 2.5 zenye turbo, zinazojulikana kama EJ25, aghalabu pistoni hupasuka katika kingo nyembamba zinazoshikilia ringi. Baada ya hapo injini hula oili, moshi hutoka na nguvu hupotea.

Petroli nayo ina sehemu yake. Magari yaliyoundwa kwa soko la Japani na kuagizwa yatumie petroli ya daraja la juu yalipimwa kwa mafuta ambayo, kwa kanuni za nchi hiyo, okteni yake haipaswi kuwa chini ya 96. Super ya kawaida katika vituo vyetu haikukusudiwa kufikia kiwango hicho. Programu iliyonakiliwa kutoka ng'ambo na kuingizwa katika gari la hapa, bila kupimwa kwa petroli ya hapa, ni kamari.

Kuna pia suala la mwinuko, ambalo halizungumziwi vya kutosha. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Tuseme turbo imewekwa isukume bar moja zaidi ya hewa ya nje. Jijini, injini hupokea jumla ya takriban bar 1.8. Gari hilohilo likiteremka hadi pwani, jumla hukaribia bar 2, yaani ongezeko la takriban asilimia 10, tena katika joto jingi zaidi. Injini iliyopimwa Nairobi hadi ukingoni hujikuta imevuka ukingo ikiwa njiani kuelekea Mombasa, hasa inapopanda kilima kwa kasi huku gari likiwa limejaa abiria na mizigo.

Historia ya Safari Rally ingetosha kutufunza. Kati ya 1984 na 1986, Toyota Celica yenye turbo ilishinda mashindano hayo mara tatu mfululizo. Ilikuwa ikiendeshwa kwa magurudumu ya nyuma pekee, huku baadhi ya wapinzani wake wakiwa na magari ya kisasa zaidi yaliyoendeshwa kwa magurudumu yote manne. Colin McRae alipoibuka mshindi mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza, sheria za mashindano zilikuwa zimebana njia ya hewa ya kuingia katika turbo hadi milimita 34, na nguvu za magari hayo zilikuwa karibu farasi 300 tu. Wahandisi walielekeza akili zao katika kuzuia vumbi, kupoza injini na kuimarisha gari ili lihimili mawe na maji. Aliyefika ndiye aliyeshinda.

Kijana aliye na gari la miaka 15 na anayetamani farasi 400 za kuendea kazini Jumatatu hana budi kuutafakari mfano huo.

Utaratibu ufaao si siri. Kwanza, mgandamizo wa kila silinda na shinikizo la oili vipimwe. Injini iliyochoka haiongezewi nguvu, hukarabatiwa. Pili, rejeta, mfumo wa oili na pampu ya petroli viimarishwe. Bomba la kuvuta oili katika injini za EJ linafahamika kwa kupasuka, na likipasuka beringi za krankshafti huungua kwa muda mfupi. Tatu, zifungwe geji za joto la oili, shinikizo la oili na mchanganyiko wa petroli, ili dereva aone hatari kabla ya kuisikia. Baada ya hayo yote ndipo kompyuta ipangwe upya, gari likiwa kwenye mashine ya kupima nguvu, na fundi aache nafasi kwa ajili ya siku ya joto na petroli mbovu.

Gharama itapanda, lakini wahenga hawakukosea waliposema rahisi ni ghali. Injini ikivunjika wakati dereva anapita lori kwenye barabara kuu, hasara haiishii mfukoni mwake. Mwenye gari aliyeificha kampuni ya bima kuhusu mabadiliko hayo anaweza pia kunyimwa fidia.

Mafundi wetu wana ujuzi, na wengi wao wangependa kuifanya kazi hii kwa utaratibu wake. Kinachowashinda ni mteja anayetaka kasi Ijumaa na kuahidi kushughulikia oili mwisho wa mwezi. Mteja wa aina hiyo heri aambiwe ukweli, hata kama ataenda gereji nyingine.