Nondo Asihukumiwe kwa Sura Yake

Miongoni mwa wadudu waingiao nyuani mwetu usiku kwa kufuata nuru ya taa, hapana amtiaye mtu hofu upesi kuliko nondo yule mkubwa ambaye mgongoni, nyuma ya kichwa, ana alama ya manjano iliyo sura ya fuvu la binadamu, na ambaye akishikwa hutoa sauti nyembamba kama ya panya. Basi kwa kudhaniwa kuwa ni nuksi au mbashiri wa mauti, aghalabu huuawa kwa ufagio kabla mtu hajauliza ni kiumbe gani.

Huko ni kumdhulumu kiumbe na, fauka ya hayo, ni kujinyima maarifa. Nondo huyo, ambaye wataalamu humwita Acherontia atropos, alikwisha kuandikwa na Linnaeus, mwanachuoni wa Sweden, tangu mwaka 1758. Atakaye kumtambua kwa yakini na atazame mbawa zilizokunjuliwa, ambazo upana wake huweza kufika sentimita 13. Kisha mbawa za nyuma, zilizo za manjano zenye mikanda myeusi. Kisha mrija wa kinywa, ulio mfupi na mnene. Kwa mrija huo hutoboa nta mzingani akanyonya asali, huku harufu ya mwili wake, inayokaribiana na ya nyuki wenyewe, ikimsitiri kwao. Na kwa kuvuta hewa na kuisukuma nje kupitia kooni, hupata sauti ile iwashtuayo watu. Haumi wala hana mwiba. Viwavi wake, wanene na wenye kipembe mkiani, hula majani ya viazi, tumbaku na ufuta, ila kwa kawaida hawawi wengi kiasi cha kuangamiza shamba.

Hebu sasa tumtazame nondo mwingine, mdogo, wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, ambaye akitua ukutani hapana amjaliye. Huyo ndiye mzazi wa kiwavijeshi vamizi, ambaye asili yake ni Amerika, akaonekana barani Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata akawa amekwisha kuingia katika mashamba ya mahindi ya Kenya na Tanzania. Jike hutaga mayai kwa mafungu, fungu moja aghalabu likiwa na mayai 100 hadi 200, na viwavi waanguliwapo hujificha ndani ya moyo wa mmea, wakautafuna hali mkulima hana habari.

Ni dhahiri, basi, kwamba hofu isiyo na ilimu hukosea adui: tunamwua asiyetudhuru, tukampisha atunyang'anyaye chakula.

Kwa hiyo nawasihi wazazi na walimu wawazoeze watoto kutazama kabla ya kupiga. Nondo mgeni na apigwe picha, kwa juu na kwa ubavuni, kando yake pakiwekwa rula. Iandikwe tarehe, mahali, na mmea aliokutwa juu yake. Kisha habari hizo apelekewe afisa ugani au wataalamu wa wadudu, kama wale wa Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Kila skuli na iwe na daftari la namna hiyo, kwani mkulima wa kesho atalihitaji kama alihitajivyo jembe lake.