Uvimbe wa Ubongo Waelezeka kwa Kiswahili

Kuna dai lililozoeleka miongoni mwa wasomi wetu kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na siasa, na kwamba sayansi ya ndani haina budi kuachiwa Kiingereza. Mimi ni mwalimu wa isimu, si tabibu. Hata hivyo nataka kulipinga dai hilo kwa kuchagua mfano mgumu: jinsi protini zilizounganika isivyo kawaida zinavyozusha uvimbe katika ubongo wa binadamu.

Mwili umejengwa kwa seli. Ndani ya seli mna jeni, ambazo zimepangwa katika kromosomu mfano wa sentensi kitabuni. Seli huzisoma jeni hizo na kuunda protini, nazo protini ndizo zitendazo kazi. Sasa tuchukue sentensi mbili: "Ukiamriwa tu, gawanyika" na "Kila siku, safisha ua." Kitabu kikichanika kikaungwa vibaya, twaweza kupata sentensi ya tatu: "Kila siku, gawanyika." Kila neno ni sahihi, sarufi haina kasoro, lakini sharti limepotea na amri imebaki. Hiyo ndiyo protini ya muungano. Sipendi kuiita protini mseto, kwa kuwa katika mseto mchele hubaki mchele na pojo hubaki pojo. Hapa vipande viwili vimekuwa kitu kimoja chenye tabia mpya.

Huu si mchezo wa maneno. Mwaka 2008 watafiti walieleza kisa cha namna hiyo katika astrositoma ya pilositiki, uvimbe wa ubongo unaowapata watoto kwa wingi kuliko mwingine. Sehemu ya kromosomu ya 7 hujirudufu, na jeni iitwayo BRAF ikaungana na jirani yake, KIAA1549. Katika muungano huo BRAF hupoteza kipande chake cha mbele, ambacho ndicho kizuizi. Kipande cha nyuma, kinachopokeza amri ya kukua, hufanya kazi usiku na mchana.

Mwaka 2012 kundi la Antonio Iavarone na Anna Lasorella wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, lilitangaza muungano wa jeni za jamii ya FGFR na TACC katika glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Muungano huo hupatikana kwa wagonjwa wapatao 3 katika kila 100. Protini yake huchochea ukuaji, na isitoshe huvuruga mgawanyo wa kromosomu seli inapojigawa. Mwaka 2014 ikabainika kwamba katika aina ya uvimbe iitwayo ependimoma, kromosomu ya 11 huweza kuvunjika vipande vipande, na katika kuungwa upya jeni ya RELA ikafungamanishwa na nyingine isiyoihusu.

Afrika Mashariki si mgeni katika elimu hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda. Saratani hiyo, yenye jina lake hadi leo, huonekana pia katika pwani yetu yenye malaria. Baadaye ilijulikana kwamba humo jeni ya MYC huhamishwa kutoka kromosomu ya 8, aghalabu hadi ya 14. Hapo sentensi haikukatwa. Imehamishwa nzima na kuwekwa mbele ya kipaza sauti. Kosa ni la namna nyingine, lakini asili yake ni ile ile: maandishi ya seli yamepangwa ovyo.

Je, haya yana faida gani kwa mkazi wa Msambweni? Yana faida kubwa. Mtoto aumwaye kichwa kila alfajiri, akatapika, akayumba aendapo au akaanza kuona maluweluwe, wazazi wake watamtafutia sababu. Wasipoipata kwa lugha waielewayo, watamlaumu jirani mwenye kijicho, au watamlaumu mama. Miezi itapita. Ilhali astrositoma ya pilositiki hukua polepole, na ikiondolewa yote kwa upasuaji mgonjwa aweza kupona. Ikicheleweshwa, mtoto aweza kupoteza macho yake. Mzazi aliyeelewa kwamba kosa limetokea katika seli za mtoto mwenyewe, kwamba haliambukizi, na kwamba kwa kawaida halikurithiwa kwa mama wala baba, huyo atafika mapema katika hospitali ya Msambweni, na akipewa barua ya kwenda Mombasa hatasita kuvuka Likoni.

Mwalimu naye ana nafasi ya pekee. Yeye ndiye amwonaye mtoto kila siku: mwandiko uliokuwa mzuri umeharibika, anashindwa kusoma ubaoni, anajikwaa pasipo na kisiki. Kabla ya kumwita mvivu, na amwite mzazi.

Katika shule zetu, kuanzia gredi ya nne sayansi husomeshwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi aweza kupata alama zote katika somo la jeni, kisha akashindwa kumweleza nyanya yake jambo hilo hilo jioni. Elimu isiyofika jikoni imeishia njiani. Wala haifai kusingizia uhaba wa istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Kilichopungua ni matumizi, si maneno.

Siombi Kiingereza kifukuzwe darasani. Naomba mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiswahili waketi pamoja, na kila mada ya mwili wa binadamu ihitimishwe kwa insha moja ya Kiswahili ambayo mwanafunzi ataisoma nyumbani kwa sauti. Mtoto atakayeweza kumweleza mamake kwamba uvimbe ni sentensi iliyoungwa vibaya, si laana, atakuwa ameifahamu sayansi barabara. Na huenda akawa ameokoa macho ya nduguye.